Maswali ya Wasomaji: Rota Inapochemka, Rota Inapochoka

Barua za toleo hili zote zinahusu ndege za kujiundia zenye injini ya rota (rota za pembetatu zinazozunguka, badala ya pistoni), na karibu zote ni Mazda 13B: rota mbili, kila moja ya sentimita za ujazo 654, shafti inayozunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa rota, kisha giaboksi ya kupunguza mwendo kabla ya propela. Tumezifupisha. Vipimo ni vya injini isiyo na turbo, isipokuwa pale tulipotaja turbo. Na kabla hujashika spana: kila badiliko liandikwe kwenye kitabu cha ndege, na ndege isirudi angani bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda.

Nikinyanyuka Kajjansi kuelekea ziwani, maji ya rejeta yanafika digrii 105 kabla sijafika futi 6,000. Ndege ni ya viti viwili, propela mbele. Nimeshabadili rejeta mara mbili. Pale Kisekka, soko la vipuri Kampala, nimeona moja kubwa zaidi, ya gari la mizigo. Niichukue? (Msomaji, Kajjansi)

Iache. Rejeta mbili zimekwisha kukwambia kwamba tatizo haliko kwenye rejeta. Ukweli ambao waundaji wengi huchelewa kuukubali ni kwamba rejeta ya kutosha iliyofungwa kwenye njia mbovu ya hewa huchemsha, na kubwa zaidi kwenye njia hiyohiyo huchemsha pia, ila kwa uzito zaidi.

Anza na hesabu. Kwenye hewa ya Kajjansi, siku ya digrii 28, injini yako inatoa nguvu-farasi 130 hivi. Kwa makadirio, itamwaga karibu kilowati 90 za joto kwenye maji na oili kwa pamoja. Ukikubali hewa ipande joto kwa digrii 40 inapopita kwenye mapezi (vibati vyembamba vya rejeta), unahitaji kilo 2.2 hivi za hewa kila sekunde, ambazo kwa wepesi wa hewa yetu ni zaidi ya mita mbili za ujazo. Ukipanda kwa noti 80 (maili za baharini kwa saa), hewa hiyo ingepita kwenye tundu la sentimita za mraba 500 kama ingeingia kwa mwendo uleule wa ndege. Haiingii hivyo, sehemu yake hupunguza mwendo na kumwagika pembeni. Kwa hiyo lenga 600 hadi 750, ukijumlisha viingilio vya maji na vya oili. Pima vyako kwa rula leo. Kama viko ndani ya kiwango hicho, usipanue chochote bado.

Sasa pima presha. Chukua mpira laini unaoonyesha ndani, kipenyo milimita 6, urefu mita 3. Fungia katikati yake kwenye ubao kwa umbo la U, weka rula kati ya miguu miwili, na jaza nusu kwa maji yenye rangi. Ingiza vijibomba viwili vya shaba vya milimita 3 kwenye njia ya hewa: kimoja sentimita 2 mbele ya rejeta, kingine nyuma yake, midomo yote ikitazama ubavuni ili upepo usiingie moja kwa moja. Rubani arushe ndege, mtu wa pili asome. Kwa noti 80 za geji, upepo wote unaokuja una presha ya milimita 106 za maji, uwe Entebbe au Mbarara, kwa sababu geji ya mwendo yenyewe inasoma presha hiyohiyo.

Soma kwanza tofauti ya mbele na nyuma ya rejeta. Milimita 50 na zaidi, njia inafanya kazi. Ikiwa ni 20 au 30, tafuta upande wenye kosa kwa kulinganisha kila kijibomba na laini ya presha tuli ya ndege, yaani bomba linalopeleka presha ya hewa ya nje kwenye geji. Tumia kiungo cha T, na ukitoe kabisa baada ya jaribio, maana uvujaji hapo utadanganya geji ya mwendo na ya mwinuko. Mbele ya rejeta unataka angalau 75. Ukipata 40, hewa inapotea kabla ya kufika. Nyuma ya rejeta unataka karibu sifuri. Ukipata 25 au 30, mlango wa kutokea umebana na boneti imejaa hewa moto isiyo na pa kwenda.

Mbele ikiwa dhaifu, mara nyingi sababu ni nafasi kati ya fremu ya rejeta na njia ya hewa. Ufa wa milimita 10 kuzunguka rejeta nzima unapitisha hewa nyingi ajabu, kwa kuwa hewa haioni haja ya kujisukuma kwenye mapezi ilhali kuna mwanya. Ziba kwa mpira wa silikoni unaovumilia joto, si kwa povu la godoro. Sababu ya pili ni njia inayopanuka ghafla. Kuta zikifunguka kwa pembe kali tangu mwanzo, hewa inaachana nazo na kuanza kuzunguka yenyewe kwa yenyewe. Njia nzuri hukaa nyembamba sehemu kubwa ya urefu wake, ikifunguka polepole, halafu hupanuka kama mdomo wa tarumbeta karibu kabisa na uso wa rejeta. Chonga umbo hilo kwa povu gumu, funika kwa matabaka mawili ya kitambaa cha kioo na epoksi, kisha chimba povu litoke. Mdomo wa kiingilio uwe wa mviringo, nusu-kipenyo milimita 10 au zaidi. Ukali wa bati lililokatwa huivuruga hewa ndege inapoinua pua, na hapo ndipo unapoihitaji zaidi.

Nyuma ikiwa na presha, panua mlango wa kutokea hadi mara moja na nusu ya viingilio, kwa sababu hewa iliyopashwa imetanuka. Weka kilango kinachofunguka wakati wa kupanda na kufungwa kwenye mwendo wa safari.

Unaruka kandokando ya Ziwa Victoria, basi fungua tundu la ukaguzi ubavuni mwa njia ya hewa. Wingu moja la sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, linatosha kutandaza zulia kwenye uso wa rejeta ambao huuoni kutoka nje. Puliza kwa hewa ya kompresa kutoka nyuma kuja mbele, presha ndogo, usikunje mapezi. Walioweka viini vya AC ya gari badala ya rejeta (chaguo la zamani na zuri kwa injini hizi) wakague mara nyingi zaidi, mapezi yake yamesongamana.

Usiulaumu mwinuko peke yake. Injini isiyo na turbo hapa kwetu inapoteza karibu asilimia 17 ya nguvu, na joto lake linapungua kwa kiasi kama hicho, ilhali uzito wa hewa inayopita kwenye rejeta kwa mwendo uleule wa geji unapungua asilimia 9 tu. Kwa upande wa joto unafaidika kidogo. Kinachokuchoma ni kwamba kupanda kunachukua muda mrefu zaidi. Mpaka njia irekebishwe, panda kwa noti 95 badala ya 80: hewa inaongezeka kwa asilimia 19 na presha kwa 41. Maji yakipita digrii 100, shusha pua na punguza nguvu hapohapo, usingoje 105.

Fundi wa magari alinishauri nitoe thamostati ili maji yapite bila kizuizi. Sasa injini inachemka haraka kuliko mwanzo. Inawezekana kweli? (Msomaji, Jinja)

Inawezekana, na kwa 13B hivyo ndivyo inavyotarajiwa. Thamostati ya injini hii ina kazi mbili. Inapofunguka kuelekea kwenye rejeta, sahani yake ya chini inafunga tundu la njia ya mkato linalorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, tundu hilo linabaki wazi siku zote, na maji, kwa kuwa yanapenda njia fupi, yanazunguka ndani ya injini tu.

Una njia mbili. Rudisha thamostati ya asili yenye sahani ya chini (nyingi za kuigiza hazina sahani hiyo, kwa hiyo ishike mkononi uione kabla ya kulipa), au kama unataka kuruka bila thamostati, toa kifuniko, chonga nyuzi za skrubu kwenye tundu la njia ya mkato na uzibe kwa plagi ya aluminiamu yenye gundi ya nyuzi. Toboa tundu la milimita 3 kwenye plagi ili hewa isinase. Hali ya hewa yetu inaruhusu njia ya pili, ila injini itachelewa kupata moto asubuhi, nawe usiikimbize kabla oili haijafika digrii 60.

Ukiwa hapo, angalia mpira wa upande unaovutwa na pampu. Kwa mizunguko 6,000 unaweza kujikunja na kujifunga wenyewe. Uwe na springi ndani. Na kifuniko cha presha kikae sehemu ya juu kabisa ya mfumo, upande wa kuelekea kwenye pampu, si upande unaotoka kwenye pampu. Ukikiweka upande wa kutoka, presha ya pampu inajumlishwa na ya joto na kifuniko kinatapika maji mapema.

Maji yako digrii 85 bila wasiwasi, lakini oili inapanda hadi 115. Geji ni mpya. (Msomaji, Soroti)

Kwenye injini ya pistoni oili hulainisha, na upoaji kwayo ni kazi ya ziada. Kwenye rota, oili ndiyo inayopoza rota zenyewe kwa ndani, na inabeba takriban theluthi moja ya joto lote linalopaswa kutolewa. Kipoza-oili kidogo cha kuongezea hakitoshi hata kidogo. Lengo ni oili inayoingia kwenye injini, yaani baada ya kipoza, isizidi digrii 93, na 99 iwe mwisho wa kuvumilia. Kwa hiyo swali la kwanza ni kipima joto chako kimewekwa wapi. Kama kiko kwenye sufuria ya oili, unasoma oili inayotoka, ambayo kwa kawaida huwa moto zaidi, na huenda hali si mbaya kama unavyodhani. Hamishia kipima kwenye mdomo wa kutokea wa kipoza kisha uruke tena.

Ikibaki juu, angalia kipoza kinapewa hewa gani. Kikikaa nyuma ya rejeta ya maji kinakula hewa ya digrii 65 au 70, na hapo hakuna ukubwa utakaokuokoa. Kipe kiingilio chake. Angalia pia mabomba: kipenyo cha ndani kisipungue milimita 16, na viungo vya pembe mraba vya kuchongwa vibadilishwe kwa vilivyopindwa. Vipoza vingi vya RX-7, gari la Mazda lenye injini hii, vina valvu ya ndani inayopitisha oili kando ikiwa baridi. Ikikwama, oili haigusi mapezi. Utaijua kwa kushika: mdomo wa kuingia na wa kutoka vina joto sawa ilhali uso wa kipoza ni vuguvugu.

Kuna sehemu moja ambayo wengi hawaijui. Kwenye ncha ya mbele ya shafti, injini nyingi za miaka ya 1980 zina kivalvu cha joto kinachozuia oili isinyunyiziwe rota injini ikiwa baridi. Kikifa kikiwa wazi, presha ya oili inashuka na rota zinakosa upoaji wakati wote. Wajenzi wa ndege hukitoa na kuweka kijiti imara kisichosogea. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, lakini ina mtego: boliti ya mbele ikilegea, usisukume shafti nyuma hata kidogo, kwani beringi ya sindano iliyo ndani huanguka kutoka mahali pake na utaibana ikiwa imekaa upande. Ukimaliza, pima mchezo wa shafti (inavyosogea mbele na nyuma) kwa geji ya saa: milimita 0.04 hadi 0.07. Nje ya hapo, fungua tena. Presha ya oili, injini ikiwa moto, iwe kati ya psi 64 na 78 kwa mizunguko 3,000.

Propela yangu inazunguka 2,400 kwa dakika ndege ikiwa imesimama, nguvu zote, giaboksi ya 2.17. Mwenzangu anayeishi pwani ya Marekani ana ndege kama hii na anapata namba ileile. Basi kwa nini yangu inakula uwanja mzima? (Msomaji, Mbarara)

Namba hiyo imewadanganya wengi. Hewa ikiwa nyepesi, injini inapoteza nguvu, lakini propela nayo inapata hewa nyepesi ya kusukuma, kwa hiyo mzigo wake unapungua kwa kiasi kilekile. Matokeo yake mizunguko inabaki karibu palepale, huku msukumo umeshuka. Mbarara iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Siku ya digrii 26, uzito wa hewa ni asilimia 81 ya ule wa siku ya kawaida ya pwani. Injini ya 160 pale ni ya 130 hapa, hata ikiwa nzima kama mpya. Sehemu hiyo ya tatizo haina spana. Sehemu nyingine huenda inayo.

Kipimo cha kuaminika ni geji ya presha ya manifoldi, yaani bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Injini ikiwa imezimwa, isome: Mbarara itakuonyesha karibu inchi 25.3 za zebaki, na kama haionyeshi hivyo, rekebisha geji kwanza. Sasa washa na ufungue throto yote. Namba isishuke zaidi ya inchi moja chini ya hiyo ya injini iliyozimwa. Ukipata 22 au 23, kuna kitu kinainyima hewa. Toa kichujio cha hewa na rudia jaribio kwa sekunde chache tu, maana vumbi la murram ni sumu kwa sili za ncha za rota. Namba ikipanda, kichujio ndicho. Isipopanda, mweke mtu asukume throto huku wewe ukichungulia kipepeo, kile kibati kinachofungua njia ya hewa: kebo nyingi zinaishia robo tatu, na aliyeko kiti cha mbele hajui.

Hewa inayoingia inatoka wapi? Ikiwa inavutwa ndani ya boneti, imeshapashwa na ekzosi, na ekzosi ya rota ni moto kweli, digrii 870 hadi 950 ni kawaida. Kila digrii 3 za joto la ziada zinapunguza uzito wa hewa kwa asilimia 1. Boneti yenye digrii 60 inakunyang'anya zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu bure. Weka bomba linalovuta nje, na ngao ya bati kati ya ekzosi na manifoldi.

Kisha cheche. Kila rota ina plagi mbili, ya kutangulia na ya kufuata. Kwa injini nyingi ni NGK BUR7EQ ya kutangulia na BUR9EQ ya kufuata. Kwenye mizunguko 4,000 ya injini, zima mfumo wa kutangulia kwa sekunde mbili au tatu: mizunguko itashuka waziwazi. Urudishe, zima wa kufuata: itashuka kidogo mno. Isiposhuka kabisa, huenda huo wa kufuata ulikuwa umeshakufa na ulikuwa ukiruka bila kujua. Usikawie kwenye jaribio, mafuta yasiyoungua vizuri yanawakia kwenye ekzosi.

Baada ya hapo, pima mgandamizo. Toa plagi za kutangulia, funga geji iliyotolewa kivalvu chake cha ndani, zungusha kwa stata na utazame sindano: itaruka mara tatu kwa kila rota, moja kwa kila uso. Miruko iwe sawa. Kiwango cha chini cha kiwandani ni psi 85 kwa mizunguko 250, lakini hicho ni cha usawa wa bahari. Kwa mwinuko wako, 72 hivi ni sawa na 85 ya pwani, kwa hiyo usimruhusu mtu akuhukumie injini nzima kwa kusoma kitabu cha Hiroshima, kwao Mazda. Uso mmoja ukiwa chini ya mingine kwa zaidi ya psi 21, sili imechoka au imevunjika.

Vyote vikiwa sawa, imebaki propela. Mizunguko 2,400 kwa giaboksi ya 2.17 ni 5,200 ya injini, na 13B kwa 5,200 haijafika kwenye nguvu zake. Huzaa nguvu kwa kuzunguka. Ifikishe 5,800 hivi ndege ikiwa imesimama. Mzigo wa propela hukua kwa mizunguko mara mizunguko mara mizunguko, hivyo kwa pembe ileile ungehitaji kuongeza zaidi ya theluthi moja ya nguvu ulizonazo. Punguza pembe ya panga, digrii moja kila mara, pima, rudia. Utapoteza mwendo kidogo safarini. Kwa uwanja wa Mbarara, hiyo ni biashara nzuri.

Hapa Uganda hakuna barafu. Niweke maji matupu? (Msomaji, Masaka)

Maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa nusu kwa nusu na glaikoli (dawa ya kuzuia maji yasigande), hilo ni kweli. Lakini injini hii ni sandwichi ya chuma cha kusubu na aluminiamu, na bila dawa ya kutu viwili hivyo vinalana. Weka glaikoli asilimia 25 hadi 30 yenye dawa ya kutu, iliyobaki iwe maji yaliyotoneshwa. Ya bomba yana chumvi. Barafu usiidharau, ukipita karibu na vilele vya Rwenzori ipo. Kifuniko kiwe cha bar 0.9: kwa mwinuko wetu kinasogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu 116, na kwa mita 3,000 hadi 113. Kikichoka, maji yatachemka ukiwa bado unasoma 100.

Ongeza geji ya presha ya maji. Mpira ukipasuka na maji yakaisha, kipima joto kinabaki kwenye hewa na kuonyesha hali nzuri huku injini inaungua. Presha ikianguka, unajua papo hapo.

Nikitua Kasese mchana na kusimama dakika ishirini, injini inawaka vizuri, halafu inakohoa nikianza kuondoka. (Msomaji, Fort Portal)

Mafuta yanageuka mvuke kabla ya kufika kwenye pampu ya presha. Petroli ya gari huanza kutoa mvuke kwenye digrii 40 hivi, na pampu inapoivuta huwa chini ya hapo. Ukisimama, joto lote la injini linapanda ndani ya boneti na kuingia kwenye bomba. Pampu za sindano za mafuta zinasukuma vizuri lakini hazijui kuvuta mvuke.

Zihamishe pampu zote mbili, ya kazi na ya akiba, ziwe nje ya boneti, chini ya kiwango cha tangi. Kichujio kabla ya pampu kiwe cha matundu makubwa, mikroni 100. Kile chembamba cha mikroni 10 kije baada yake. Mafuta yanayorudi yaende hadi tangini, yasirudishwe kwenye bomba la kuvuta. Mabomba yaliyo mbele ya ukuta wa moto yavalishwe soksi ya kuzuia joto. Mpaka utakapoyafanya hayo, kabla ya kuwasha acha pampu izungushe mafuta kwa nusu dakika, fungua boneti ukiwa umesimama, na usiondoke mpaka umeishika injini kwa nguvu zote kwa sekunde 30 breki zikiwa zimefungwa.

Kila asubuhi moshi mweupe dakika mbili za kwanza, kisha unaacha. Maji yanapungua kikombe kimoja kwa wiki. (Msomaji, Entebbe)

Huo karibu hakika ni mpira wa kuzuia maji kati ya kasha la rota na bamba la pembeni. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Injini ikichemka mara moja tu vya kutosha, makasha yanapondana, mpira unakauka, na maji yanaingia kwenye chumba cha moto ukiwa umelala.

Thibitisha: injini ikiwa baridi, funga pampu ya kupimia rejeta, jaza hadi psi 13, toa plagi za kutangulia, uache usiku kucha. Asubuhi zungusha propela kwa mkono, betri ikiwa imetolewa. Maji yakitoka kwenye tundu la plagi, umepata jibu na rota yake. Ndege isiruke tena. Hakuna dawa ya kumimina kwenye rejeta inayotibu hili, na anayekuuzia hiyo pale mjini haruki nawe.

Ukifungua, badilisha mipira yote ya rota zote mbili. Weka rula iliyonyooka juu ya mabamba ya chuma na upitishe filagegi (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): mkunjo ukizidi milimita 0.04, bamba lisagwe au libadilishwe. Halafu rudi kwenye jibu la msomaji wa Kajjansi, kwa sababu mipira mipya kwenye njia ileile ya hewa itakufa vilevile.

Turbo itanirudishia nguvu ya pwani? (Msomaji, Kabale)

Itakurudishia, pamoja na joto lote la pwani, ilhali hewa ya kupoza imebaki ya Kabale. Usiifunge kabla upoaji wako haujathibitika bila turbo kwa kupanda mfululizo hadi futi 10,000 siku ya jua. Ukiifunga, lenga kurudisha inchi 30 za manifoldi tu, weka kipoza-hewa, na usikilize kunoki (mafuta kulipuka vibaya ndani ya injini): rota haivumilii. Pigo moja zito linatosha kuvunja sili ya ncha.

Avgas (petroli ya ndege) au petroli ya kituoni? Na oili ya kuchanganya ni kiasi gani? (Msomaji, Mukono)

Petroli. Injini hii haihitaji okteni kubwa, na risasi iliyo kwenye avgas inachafua plagi na kuua kipimahewa cha ekzosi. Jaribu tu kama ina ethanoli: mililita 90 za petroli na 10 za maji kwenye chupa yenye alama, tikisa, subiri dakika tano. Maji yakionekana kuzidi 10, kuna ethanoli, tafuta kituo kingine. Kama umeondoa pampu ya oili ya kiwandani, changanya mililita 6 hadi 8 za oili ya injini za pikipiki za mipigo miwili kwa kila lita, na umimine oili kwanza tangini kabla ya petroli ili ichanganyike yenyewe.